Hodi kwa Fisi Maji

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya magugumaji yanayooza juani, wengine huziba pua. Mimi, jamani, huvuta pumzi nikajaza kifua. Hunirudisha kwenye boti ya Mama, pale Kigongo, Mwanza.

Mama alikuwa akiwapeleka wageni ziwani kutazama fisi maji, wale wanyama wembamba wa manyoya laini wanaojua kuvua samaki kutuzidi sisi tunaojidai wavuvi. Masharti yake niliyajua kama Baba Yetu: mashine inazimwa mbali na mawe, chakula hawarushiwi, na wakishazama kwa hofu hawafuatwi. Asiyetaka abaki nchi kavu.

Siku moja abiria wake alikuwa Bibi, mama yake Mama, aliyekuja kutoka Bukoba kutibiwa macho. Daktari hakumficha: mwanga uliobaki ulikuwa kidogo, nao ungezidi kupungua. Bibi aliomba kitu kimoja tu kabla ya kupanda meli kurudi kwao, awaone tena fisi maji, aliokuwa akiwatazama wakicheza alipokuwa msichana. Nikamwahidi kwamba atawaona. Sijui nani aliniuliza!

Tulipokaribia, Mama alizima mashine akapiga kasia taratibu. Juu ya jiwe tambarare alilala jike, vitoto vyake vikimpanda mgongoni. "Bibi, amejifungua," nikamnong'oneza. Ningejua! Bibi alikuwa Mhaya wa adabu zake, na kwa mwanamke aliyetoka kujifungua mtu haingii kimyakimya kama mwizi. Akaiweka sawa kanga yake, akaita kwa sauti yake ya kanisani:

"Hodi hapa! Wenyewe mpo? Hongera kwa kujifungua!"

Chubwi! Jiwe likabaki tupu.

Tulicheka mpaka boti ikayumba. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," Bibi akalalamika. "Huyu wa leo mbona kakimbia?"

Kisha kicheko kikaniishia. Bibi hakuwa ameona hata mkia, na kesho yake alikuwa anaondoka. Nikamng'ang'ania Mama mkono huku nalia. "Washa, Mama! Tuzunguke nyuma ya jiwe, wako hapo tu!"

Mama akashika kamba ya kuwashia mashine. Akaishika kwa muda, macho yake yakiwa kwa Bibi, halafu akaiachia.

"Hapana. Ana wachanga."

Nilimchukia, siwafichi. Bibi akanivutia kwake, kanga yake ikinukia moshi na kahawa. "Mwache mama yako, yuko sahihi. Hebu nyamaza usikilize." Nyuma ya jiwe mama na watoto walikuwa wakiitana kwa miluzi myembamba. Bibi alifumba macho, akasikiliza mpaka miluzi ikatulia. "Wazima wote," akasema. Tukarudi.

Bibi alipokuja tena Mwanza alinitambua kwa kunipapasa uso. Fisi maji hakuwaona tena mpaka anafariki.

Miaka nenda rudi niliisimulia habari hii kuonyesha jinsi Mama alivyokuwa mgumu. Sasa ni zamu yangu kumshika mkono yeye akishuka ngazi, na moyo unaniuma kila ninapomnyima kitu anachokitamani. Siku ile nilidhani mwenye uchungu ndani ya boti ni mimi peke yangu, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nalia. Kumbe Mama alikuwa akimkatalia mama yake mzazi, na hakuna aliyetamani kuivuta ile kamba kumzidi yeye.