Kopo la Misumari kwenye Njia ya Kailo

Mwanangu, bado naiona siku moja ya mvua kwenye njia ya Kailo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikisukuma baiskeli iliyobeba mchele unaonizidi uzito. Siku hiyo niliiandika katika daftari langu, kisha sehemu moja nikaifuta kwa aibu. Leo naiandika tena bila kufuta, kwa sababu mbio za marathoni za mwaka huu zilipita njia ileile, chini ya mvua ya namna ileile, na wewe unasema mwaka ujao utakimbia. Niliacha shule darasa la sita, kwa hiyo usitafute maneno makubwa hapa. Nikikosea hesabu ya watu au ya saa unisamehe, lakini kuhusu kosa lenyewe sina shaka. Lilikuwa langu.

Ilikuwa miaka ya vita. Magari yalikuwa hayapiti, treni ilikuwa imenyamaza, na mji wetu wa Kindu ulikula kile kilicholetwa na baiskeli. Hatukuzipanda baiskeli hizo. Tulifunga fimbo ndefu kwenye usukani, tukapakia magunia, tukasukuma kwa miguu toka Kailo mpaka Alunguli, ukingoni mwa mto Lualaba. Hapo mitumbwi ilituvusha hadi Kasuku, upande wa mji ulio ng'ambo, kwa watoto wetu. Wenye bunduki walikuwa wamekataza kuvuka baada ya saa kumi jioni. Ukichelewa, unabaki ng'ambo na mzigo wako, na mchele uliolowa hausubiri.

Tulikuwa watu tisa. Aliyetuongoza mwendo aliitwa Papa Ramazani, mtu mfupi, mguu wake mmoja mbovu kidogo. Alitangulia akihesabu hatua kwa mdomo, si mbio, si polepole, na sisi tulifuata hesabu yake. Mwendo ule ndio uliotufikisha kabla ya saa kumi kila safari. Kwenye baiskeli ya mwisho alining'iniza kopo tupu la nyanya lenye misumari ndani. Lilikuwa likilia ko-ko-ko kwenye kila shimo. Papa Ramazani hakuwa akigeuza kichwa. Alisikiliza kopo tu. Likilia, alijua wote tisa tupo. Likinyamaza, alisimama.

Kopo hilo alinipa mimi.

Niliona amenidharau. Nilikuwa kijana mwenye mapaja, ninayeweza kupanda mlima bila kupumzika, na ananiweka nyuma ya watu wote, nyuma hata ya Mama Anifa, mwanamke pekee kati yetu, mjane aliyesukuma baiskeli ya marehemu mume wake. Wenzangu nao hawakunisaidia. Kila asubuhi mmoja wao aliuliza kama mbuzi amefungwa kengele yake. Nilicheka nao, lakini lilikuwa likiniuma.

Siku hiyo mvua ilitukuta katikati ya njia. Mvua ya kwetu unaijua: humwoni aliye hatua tatu mbele yako. Udongo mwekundu ukawa kama sabuni. Tulipoanza kupanda mlima mmoja, Mama Anifa aliteleza, nikamsaidia kuinua baiskeli yake, hilo nililifanya. Kisha nikawaza: hawa wananichelewesha, na mimi nina nguvu. Nikalifungua kopo kutoka kwenye baiskeli, nikalisokomeza katikati ya magunia, nikapita pembeni mwa msururu, kwenye majani. Katika mvua ile hakuna aliyenitambua. Nikampita hata Papa Ramazani.

Nilifika Alunguli mapema sana. Nikakaa chini ya paa la mtu mmoja muuza samaki, nikamweleza kwamba wenzangu wanakuja, wazito kidogo. Nilikuwa najisifu, Mwanangu. Saa tisa ikafika, sikuwaona. Saa kumi ikafika, wenye mitumbwi wakafunga kamba. Ningeweza kuvuka peke yangu kabla ya hapo, lakini miguu ilikataa. Sijui kama ilikuwa huruma au woga, na sitaki kujipa sifa ambayo sina hakika nayo.

Walitokea giza likikaribia, wanane, matope mpaka shingoni. Papa Ramazani alilaza baiskeli yake chini, akanitazama juu mpaka chini kama anayehakikisha viungo vyangu vyote vipo.

"Kopo iko wapi?"

Nikalitoa ndani ya magunia. Mvua ilikuwa imekwisha, na misumari ikalia mkononi mwangu.

"Hatukuisikia tena," akasema. "Tukawaza umeanguka kwenye korongo, ao wamekukamata. Tukaacha mizigo, tukarudi kukutafuta. Huyu mama njo aliita jina lako mpaka sauti ikakauka."

Mama Anifa hakunitukana. Alikuwa amekaa juu ya gunia lake, anatazama taa ndogo za Kasuku ng'ambo ya maji, ambako watoto wake watatu walikuwa wanamsubiri na chungu kitupu. Asubuhi mchele wake ulikuwa umevimba, unanuka. Niseme ukweli wote: plastiki yake ilikuwa na tundu tangu Kailo, na labda maji yangeingia hata bila mimi. Lakini angevuka jioni ile angeuanika, na watoto wangekula. Nilimpa gunia langu moja. Alipokea, ila hakusema asante, na alikuwa na haki.

Nilimwambia Papa Ramazani kwamba nilidhani kopo ni la mtu dhaifu. Akasema maneno ambayo ndiyo niliyoyafuta kwenye daftari:

"Nilikupa kopo juu ya hii: njo wewe mwenye nguvu. Muntu akianguka nyuma, nani atamuinua? Mimi na huu muguu? Sikukuelezea, hiyo njo kosa yangu. Kuitoa, hiyo njo ya kwako."

Nilingoja aninyang'anye kopo. Badala yake alilifunga tena kwenye baiskeli yangu, akakaza fundo mara mbili. Nililibeba mpaka vita vikaisha. Yeye amekwisha kufa, mzee yule, na kopo liko kwangu mpaka leo, limeota kutu.

Sasa nifike kwenye mbio. Mdogo wako Aziza, binti yangu wa mwisho, ana miguu ya swala. Vijana wa mji walipoandaa marathoni, kilomita arobaini na mbili kwenye njia ya Kailo mpaka Alunguli, aliingia katika kundi moja la watu kumi na mmoja. Mbele yao alikimbia kijana mwenye kibendera, kazi yake kushika mwendo wa kuwafikisha kabla ya kamba ya mwisho wa njia kufungwa. Atakayekuta kamba imefungwa hahesabiwi. Jioni ya kuamkia mbio, Aziza aliniuliza kama akiona nguvu zipo awaache wenzake, maana kulikuwa na zawadi ya msichana wa kwanza. Nilimsimulia habari hii, nikampa kopo. Sikumwambia achague nini. Niliogopa kumlipisha kosa langu mimi, na zawadi ya haki si dhambi.

Asubuhi mvua ilipiga kama ile. Niliwahi Alunguli, nikasimama na mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika. Wakimbiaji wa kwanza walipita, tukawashangilia. Msichana wa kwanza akapita, si Aziza. Wa pili, wa tatu. Jirani yangu mmoja, mtu wa mzaha, akaniuliza kama binti yangu amesimama Kailo kununua mihogo. Nikacheka, lakini moyo ulikuwa mdogo. Nilijilaumu kwamba nimemharibia mbio kwa hadithi ya mzee. Wale wa kamba walianza kutazama saa zao.

Ndipo nikasikia. Ko-ko-ko.

Kilitokea kibendera kwanza, kimelowa, kimeshikamana na kijiti chake. Nyuma yake watu wekundu kwa matope, nikawa nawahesabu kwa kidole: saba, nane, tisa. Wa kumi alikuwa nesi mmoja mnene, Mama Betty, ambaye hajawahi kukimbia maishani kabla ya mwaka huu. Alikuwa analia na kukimbia pamoja. Nyuma yake Aziza, kopo kiunoni, mkono mmoja unamsukuma nesi mgongoni. Watoto wa barabarani walikuwa wanamfuata wakimwuliza dada anauza nini, asimame wanunue.

Walipita wote kumi na mmoja, na kamba ilikuwa bado haijafungwa.

"Papa, nimekuwa wa mwisho," akaniambia, akihema, anacheka. "Aliteleza mara tatu. Ungesikia kelele ya hili kopo lako."

"Nilisikia," nikamjibu. Nikageuka upande, nikasingizia mvua. Siku nilipooa sikujivuna hivyo. Usifikiri wale waliotangulia walikosa kitu. Walikimbia vizuri na zawadi yao ni halali. Mimi naeleza tu kilichonifanya niache mwavuli uanguke.

Basi Mwanangu, mwaka ujao ukiingia katika kundi, shika mwendo wa kiongozi wako hata mvua ikiwafumba macho. Ukiwekwa nyuma, uliza kwanza kwa nini, mimi sikuuliza. Na ukigundua kwamba una nguvu kuliko wengine, kaa pale ambapo mtu anaweza kuanguka. Ukiwa wewe ndiye kiongozi, waeleze watu wako mapema, usiwaachie wakisie.

Mungu akupe miguu isiyoteleza, na ukiteleza akupe mtu nyuma yako. Akufikishe kabla ya kamba kufungwa, wewe na kundi lako lote, hesabu ikiwa kamili. Aziza amenirudishia kopo, liko ukutani, juu ya kitanda changu. Njoo ulichukue.