Salamu Arobaini na Saba

Wifi yangu, mdogo wa mwisho wa marehemu mume wangu, ni karani wa masjala, na huu ni mwaka wake wa thelathini na moja. Asiyejua masjala ni nini aende ofisi yoyote ya serikali, apite kaunta, apite chumba cha mkubwa chenye pazia, kisha ashuke ngazi tatu. Pale penye makabati ya chuma yanayolia yakifunguliwa ndipo kila barua inapopewa namba na kuwekwa kwenye jalada lake. Hapo ndipo anapokaa, juu ya mto alioushona mwenyewe, na hapo ndipo, kuanzia saa saba hadi saa nane mchana, wenzake walipokwenda kula, alipoandika mapenzi kwa miaka minne.

Aliandika nyuma ya fomu za likizo zilizopitwa na wakati. Hakuna aliyejua. Hakuolewa, hana mtoto, na kila nilipomkuta na yale makaratasi nilidhani anaandika wosia.

"Nimemaliza riwaya," aliniambia Jumapili moja, amesimama mlangoni kwangu na bahasha ya kaki kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

"Riwaya ya nini, wifi?"

"Ya mapenzi."

"Mapenzi ya nani?"

"Ya watu tu."

Nieleze jambo moja ili nisionekane mkorofi bure. Mume wangu alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na miwili. Nusu ya watu wazima wa mji huu wana cheti chenye saini yake, na saini ile ilikuwa jina la ukoo, limeandikwa kwa kirefu, linasomeka. Tangu alipofariki mimi ndiye ninayelitunza. Halijaonekana mahakamani, halijaonekana kwenye ukuta wa choo cha umma, na sikuona sababu ya kulianzishia safari kwenye kitabu cha kusomwa chini ya blanketi.

"Utatumia jina la bandia," nikamwambia.

"Nitatumia langu."

"Hilo ni jina la nyumba hii."

"Ni jina la baba yangu, wifi. Wewe umelikuta."

Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuelekeza uhamie dirisha la pili. Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na tisa na sikumbuki kunyamazishwa kwa maneno machache namna ile. Mwishowe tukapatana: jina litakaa, lakini mimi nitasoma kwanza na kusahihisha. Akafurahi kupita kiasi. Alidhani nimemfanyia hisani.

Kitabu kiliitwa Jalada la Moyo. Kilihusu karani mmoja mzuri wa sura, kwa kuwa waandishi hawa hawaendi mbali kutafuta, na daktari wa mifugo. Daktari huyo hazungumzi kama binadamu. Humwambia msichana, "Rejea mazungumzo yetu ya juzi kuhusu mada tajwa hapo juu." Humposa kwa vipengele (a), (b) na (c), na kipengele (c) kina masharti. Msichana akilia, machozi yake "yanapokelewa" na leso. Wakigombana, mapenzi "yanaahirishwa hadi taarifa nyingine itakapotolewa."

Haya ningeyavumilia. Watu wamechapisha mabaya zaidi na wakapewa cheti. Lakini kila baada ya kurasa tatu au nne palikuwa na busu. Busu nyuma ya kabati, busu kwenye ngazi, busu ndani ya gari la daktari, na mbuzi mgonjwa kiti cha nyuma akitazama. Niliyahesabu kwa kalamu nyekundu. Yalikuwa arobaini na saba, na yote yangekaa chini ya jina ambalo watu wamelitundika kwenye fremu ukutani kwao.

Mchapishaji wake alijiita Mkurugenzi. Ofisi yake iko nyuma ya duka la matairi, na kazi yake kubwa ni vitabu vya risiti, kadi za harusi na kalenda. "Mimi ni mwandishi wake wa pili," wifi alinieleza, na usingesema anatania. Wa kwanza alikuwa ameandika kuhusu kuku wa mayai.

Prufu, yaani zile kurasa za kusomwa mara ya mwisho kabla ya kuchapwa, zililetwa kwangu. Niliweka koma zilipokosekana, nikatoa zilipojaa. Nilipofika ukurasa wa tisa, kwenye busu la kwanza, niliandika pembeni: "Busu liondoke. Badala yake: salamu. Ifanyike hivyo kote." Mtu aliyesoma angeelewa. Sentensi ingepangwa upya, kijana na msichana wangekutana, wangesalimiana, kila mmoja angekwenda kwao. Kisha nikatia kurasa kwenye bahasha, nikaifunga kwa gundi, nikaandika juu: "Mkurugenzi, yeye mwenyewe."

Wifi alikuja kuichukua.

"Umebadilisha sana?"

"Makosa ya kawaida tu."

"Ahsante, wifi. Umechoka kwa ajili yangu."

Akaibeba kwa miguu, dakika arobaini. Mwandishi mwingine yeyote angechungulia kabla hajafika kona. Yeye hakuchungulia. Masjala, bahasha iliyofungwa na kuandikiwa mtu mwingine haifunguliwi na anayeibeba, hata kama ndani yake mna barua ya kumwachisha kazi. Nakiri kwamba nililijua hilo, na nililitegemea.

Mpanga kurasa wa Mkurugenzi ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma agizo langu, akalitii. Hakupanga sentensi yoyote. Aliiambia kompyuta kwamba kila palipo na busu pawe na salamu, akabonyeza kitufe kimoja, akaenda kunywa chai.

Vitabu vilifika kwangu Alhamisi, maboksi kumi, kwa sababu nyumbani kwa wifi hakuna nafasi. Wifi alikata gundi kwa kisu cha jikoni, akatoa kimoja, akakinusa. Akakifungua katikati. Nikaona kidole chake kikitembea, kikasimama, kikarudi nyuma.

"Daktari alimvuta karibu," akasoma, "akamsalamu shingoni."

Akageuza ukurasa.

"Lilikuwa salamu la kwanza maishani mwake, nalo lilimwacha bila pumzi." Akafungua pengine. "Masalamu yake yalikuwa na ladha ya peremende."

Nitasema ukweli: kilichoniuma kwanza ni sarufi. Salamu la kwanza. Masalamu. Watoto niliowafundisha wangekula fimbo kwa nusu ya hayo.

"Wifi, uliandika nini kwenye prufu?"

Nikamweleza. Hakupaza sauti. Alikaa juu ya boksi mojawapo, kitabu mapajani.

"Kwa hiyo kuanzia ukurasa wa tisa."

"Kuanzia wa tisa."

"Na pale penye mbuzi?"

"Na pale penye mbuzi."

"Mimi niliwaambia ofisini kwamba wifi yangu amekisahihisha," alisema. "Nilijisifu."

Kuvichoma hakukubali, na kusema kweli sikumshawishi kwa nguvu. Viliuzwa kama vilivyo, na ndani ya wiki mbili mji mzima haukuweza tena kusalimiana. Mlinzi wa ofisi yao alimwambia, "Dada, leo nipe ya mkononi tu, mke wangu yuko karibu." Muuza mboga wangu, ambaye kwa miaka yote nilikuwa nikimwachia salamu za kumpa mama yake, alinijibu bila haya, "Nitampelekea, mama, lakini sitazifikisha kama zile za kitabuni." Kwenye mkutano wa wazazi mwenyekiti alisimama, akasema tuanze na salamu, na mkutano ukavunjika kabla haujaanza. Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele na mkoba wangu magotini. Nilitazama saa ya ukutani.

Hayo yalikuwa mzaha. Lililobaki halikuwa mzaha, na binti yangu mkubwa ndiye aliyelileta.

"Mama, unajua wanasema nini kuhusu shangazi?"

"Watu husema."

"Wanasema ana miaka hamsini na miwili na hajawahi kuguswa shavu. Kwamba anadhani busu ndivyo linavyoitwa. Huko ofisini wanamhurumia, mama. Wanamwita Bi Salamu, na wengine hawamtanii tena, wanamwangalia tu."

Nililinda jina lisihusishwe na mapenzi, na sasa lilikuwa limekuwa jina la mwanamke asiyejua mapenzi ni nini. Hata kwenye ukuta wa choo lingepata hadhi kuliko hapo.

Mkurugenzi, ambaye hakuona tatizo lolote, alimtafutia mwandishi wake kikao cha wasomaji katika maktaba ya mji, Jumamosi saa tisa alasiri. Viti vya plastiki sitini, na vyote vilikaliwa. Wifi alivaa gauni la kijivu, akasoma kurasa mbili zisizo na salamu hata moja. Nadhani alizitafuta kwa shida. Kisha maswali yakafunguliwa, na wa kwanza kusimama alikuwa afisa ugavi wa ofisini kwao, mtu mwenye tai fupi na sauti ndefu.

"Mimi nauliza kama mfanyakazi mwenzake. Hiyo salamu mwandishi aliipata wapi? Ni ya kuipokea au ya kuisikia?"

Watu wakacheka.

"Ni uamuzi wa kiuandishi," alisema wifi kwenye kipaza sauti.

Nilikuwa mbele yake, hatua tatu. Angeweza kuninyooshea kidole, akamaliza. Hakunitazama hata. Barua ikipotea serikalini anayejibu ni karani wa masjala, hata kama mkubwa ndiye aliyeisahau kwenye gari, naye ameishi hivyo miaka thelathini na moja.

"Basi niulize kwa lugha rahisi," alisema yule mwenye tai. "Hujawahi, siyo?"

Nilisimama. Sikusimama kwa huruma, na nataka hilo lieleweke. Nilisimama kwa sababu mtu yule ana cheti chenye saini ya mume wangu. Namkumbuka, alifaulu kwa kusukumwa. Na sasa alikuwa akilichekea jina lile lile lililompa kiti.

"Neno salamu nililiweka mimi," nikasema. "Mwandishi aliandika busu. Aliliandika mara arobaini na saba, na kote alijua anachokiandika. Mimi ndiye niliyelitoa bila kumwambia."

Mama mmoja wa nyuma akauliza, kwa adabu kabisa, "Kwa nini ulilitoa, mama?"

"Kwa sababu nyumbani kwetu mambo hayo hayaandikwi."

"Hayaandikwi, au hayafanyiki?"

"Marehemu mume wangu alinisalimia kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita," nikamjibu, "na hakuna siku aliyosahau."

Nilimaanisha habari za asubuhi. Nasema tena, nilimaanisha habari za asubuhi. Lakini wa kwanza kucheka alikuwa wifi yangu, na kipaza sauti kilikuwa mdomoni, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji maelezo yangu. Walicheka mpaka mkutubi akafunga madirisha. Mwenye tai fupi alijaribu kuuliza tena, mtu akamwambia, "Kaa, mzee, umeshajibiwa." Maboksi mawili yaliyobaki yaliisha pale pale mezani, na wanawake wa umri wangu, watu wazima wenye wajukuu, walinipita mmoja mmoja mlangoni wakiniambia, "Hongera, mwalimu." Sikuwauliza ni ya nini.

Jumatatu Mkurugenzi alikuja nyumbani pamoja na wifi kuzungumzia chapa ya pili. Alitaka salamu zibaki. Ndizo zinazouza, alisema.

"Nataka mabusu yangu," alisema wifi.

"Dada, mabusu yapo kila mahali. Salamu ziko kwako tu."

"Mabusu yote," alisema. "Arobaini na saba."

Nikamwambia Mkurugenzi kwamba kitabu chenye "masalamu" hakitatoka tena mjini humu mradi mimi ni mzima, na kwamba prufu zitasomwa mezani pale pale, mwandishi akiwepo. Akakubali upesi. Kisha akatoa fomu yake ya kazi, akaiweka mbele yetu, na kalamu yake ikasimama juu ya mstari wa jina.

"Hapa nina wazo," alisema. "Watu wameshamzoea kwa jina jingine. Tuandike Bi Salamu. Fupi, linakumbukwa. Na familia inakuwa imepumzika."

Wifi alikuwa akizungusha kikombe kwenye kisahani chake. Kisha akasema, bila kumwangalia yeyote, "Labda ingekuwa nafuu kwenu."

Niseme nini. Kitabu ni kibaya. Nimekisoma mara tatu na kila mara kimezidi. Lakini kuna kibaya cha mtu na kibaya kisicho na mwenyewe, na mimi sijawahi kumruhusu mwanafunzi kuleta kazi isiyo na jina.

Nikamwomba Mkurugenzi kalamu. Nikaandika majina matatu ya wifi, la kwake, la baba yake na la ukoo, kwa kirefu, kwa ule mwandiko niliokuwa nikiutumia ubaoni, yakapita mwisho wa mstari yakaingia kwenye nafasi ya anwani. Nikatia saini chini kama msahihishaji. Nikamsogezea wifi fomu.

Aliisoma yote, juu mpaka chini, kama anavyosoma kila karatasi inayopita mikononi mwake. Kisha akanirudishia.

"Hujaweka tarehe, wifi," alisema.

Nikaweka.