Dakika Saba za Mama Povu

JAMANI, MAMA POVU AMESHINDA! Ile karatasi ya dakika ishirini imebanduliwa ukutani, na aliyeibandua ni msimamizi mwenyewe, uso umemshuka kama mkate ulioingia maji!

Tulieni niwape yote. Mama Povu huosha mabomba kwenye kiwanda cha sosi ya nyanya, mwaka wa kumi na moja huu. Sosi ikishapita, inapita sabuni, halafu maji safi dakika ishirini. Ndivyo karatasi inavyosema. Ila yeye ana macho: maji yanatakata dakika ya tano tu, yanayofuata ni maji ya kunywa yanakwenda mtaroni. Na mtaani kwake watu wanapanga foleni na ndoo!

Akamwambia msimamizi.

"Mama, umeajiriwa kuosha, si kufikiri."

"Kichwa nakuja nacho kila siku, baba. Nikiache wapi?"

Wenzake hoi kwa kicheko.

Mara akaja mtafiti wa chuo, binti mdogo, kupima maji yanayopotea. Akauliza, hiyo ishirini ilitoka wapi? Mama Povu ndiye aliyekumbuka: karatasi ni ya jengo la zamani, bomba lilikuwa linazunguka ukumbi mzima. Hapa bomba ni hatua kumi na mbili. Bomba walilikata, karatasi wakahama nayo vilevile!

"Ukifunga kabla ya ishirini," msimamizi akafoka, "buti za mpira unarudisha leo leo."

Na kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba nzima! Dakika ya saba ilipogonga, tano za maji kutakata na mbili za tahadhari, akafunga.

"Haya mwanangu, pima."

Binti akakinga maji ya mwisho, akachovya vijikaratasi vyake vya kupimia sabuni, chupa nyingine akaipeleka maabara. Mama Povu akasimamishwa kazi. Siku tatu yuko nyumbani, dada yake anambembeleza akaombe radhi.

"Niombe radhi kwa kosa gani, la kufunga maji safi? Thubutu!"

Leo majibu yametoka: hakuna sabuni, hakuna vijidudu. Kaitwa kazini asubuhi hii hii. Sasa ukutani ni dakika saba, kaandika yeye, kwa mwandiko wake wa kuku aliyekanyaga matope.

Kama una ndugu anayeosha mitambo kiwandani, popote alipo, tafadhali mtumie hii.