Katembo Amekufa Darajani

Siku polisi walipokuja kumchukua mume wangu, alikuwa anarudisha jeshi lake nyuma ya mto, na mto wenyewe ulikuwa mkono wa shati la buluu.

Nianze na meza, maana bila meza hamtaelewa kitu. Yasiin anauza nguo za mitumba katika soko la Owino. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana anang'oa mlango wa chumba chetu cha kulala, anaulaza juu ya makreti, anapanga masweta juu yake na kuyafunika kwa blanketi la kijani. Hivyo ndivyo vilima. Suruali ya kodrai ni shamba lililolimwa, na mkanda uliolazwa juu ya mto ni daraja. Wanajeshi ni vifuniko vya soda vilivyopakwa rangi: vyekundu ni vya Yasiin, vyeupe ni vya Makokha. Wanapima mwendo kwa tepu ya fundi, wanarusha dadu ya ludo, na refa ni Obura, dereva wa lori asiye na utani hata chembe. Makokha, Mkenya rafiki yake Yasiin, yeye ni utani mtupu. Anafanya kazi katika duka la kuchapisha kule Wandegeya, na ndiko alikookota kanuni za mchezo huo. Mwanafunzi fulani alizichapisha, asirudi kuzichukua. Mimi niliziita kanuni za wendawazimu. Wanaume wenye ndevu wanagombania kilima cha sweta, na mimi nakaa bila mlango mpaka jioni!

Lakini nisiseme uongo, nilipenda kumtazama akicheza. Sokoni anapiga kelele wiki nzima, mezani anakuwa mpole. Hakubali kumwacha mtu wake nyuma, hata ikimgharimu vita. Na kanuni moja aliiongeza mwenyewe: kifuniko kikipigwa, hakiondoki mpaka mwenye nacho akipe jina, na ataje kwao ni wapi. Ndipo kinawekwa kwenye kopo. Kikikosa jina kinabaki pale pale, na njia imezibwa.

Makokha aliicheka sana kanuni hiyo, kisha akaizoea. Mimi sikuicheka, kwa sababu nilijua ilikotoka. Baba yake Yasiin, mzee Kamis, alikuwa koplo, kama Wanubi wengi wa wakati ule waliokuwa jeshini. Serikali ilipoangushwa, Yasiin akiwa mtoto, walikuja watu mchana kweupe wakasema wana maswali kidogo tu. Mzee hakurudi, na hakuna aliyewahi kuja kusema amekufa. Mama mkwe wangu kule Bombo bado anamwekea sahani. Katika majina yote ambayo Yasiin ameyataja mezani, hilo hakulitaja hata siku moja.

Sasa Jumapili yenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ile ya tisini, mabomu yakilipuka kwenye baa na teksi mjini, kila mtu akimtazama jirani yake kwa jicho la pembeni. Katika fleti zetu za Bukoto watu wanaongea Luganda. Kiswahili kwao ni lugha ya mwanajeshi, au ya mwizi mwenye bunduki. Na hawa watu wangu wanapigana kwa Kiswahili, madirisha wazi! Siku hiyo Makokha, akilifukuza jeshi la Yasiin mpaka darajani, alikuwa anapoteza watu vibaya. Majina ya wajomba yalikuwa yamemwishia, ya wacheza mpira yamemwishia, basi akaanza kuua majirani.

"Katembo wa mlango wa pili, amekufa darajani!" akapaza sauti. "Wekeni yeye kwa kopo!"

Katembo ni fundi cherehani, jirani yetu kabisa. Alikimbia vita Kongo, ukuta kati yetu ni mwembamba, na katika jengo zima yeye ndiye anayekisikia Kiswahili vizuri. Nilisikia mlango wake ukifungwa taratibu. Sikuwaza lolote, nilikuwa napepeta mchele.

Baada ya muda polisi wakaingia bila kubisha. Mbele afande mmoja mnene, mguu wake mmoja haukunjiki, kisha askari wawili wenye bunduki, na nyuma yao Katembo, kidole kimetuelekea.

"Ni hawa, chef," Katembo akamwambia afande. "Balisema Katembo amekufa. Balisema baniweke mu kopo."

Afande akauinua ule mto wa shati kwa ncha ya kirungu. "Hii ramani ya wapi?"

"Si ramani, afande," Yasiin akajibu. "Ni mchezo."

"Mchezo ya kuua jirani?"

Makokha, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, alijificha nyuma ya Obura. Nilitamani kumtandika kwa ungo.

Afande alikuwa anamtazama Yasiin tu. "Wewe Mnubi?"

"Ndiyo, afande."

"Baba yako alikuwa jeshi?"

"Alikuwa."

"Iko wapi?"

"Hatujui, afande."

Afande akatikisa kichwa. "Kale, basi. Twende stesheni. Ni maswali kidogo tu."

Ungo ulinitoka mikononi, mchele ukamwagika sakafuni. Yasiin naye aliyasikia maneno hayo, na uso ukamsawijika. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilijua akishuka ngazi zile sitamwona tena, na mimi pia nitazeeka naandaa sahani ya mtu asiyekuja. Nikaenda kusimama mlangoni.

"Afande, kama ni uongo, mwambie huyu bwana yangu acheze na wewe," nikasema. "Uongo hapana kuwa na kanuni. Mchezo iko nayo."

Afande akaketi kwenye kigoda cha Makokha, mguu mbovu ameunyoosha. "Fundisha mimi. Nikiona uongo, wote munaenda."

Yasiin akafundisha. Dadu ikamponyoka, ikaanguka chini. Obura akaiokota, akasema irushwe upya, bunduki au si bunduki. Afande alisogeza vile vyeupe ovyo ovyo mwanzoni. Baadaye akainama, akaichukua tepu, akapima mwenyewe mpaka darajani. Mimi moyoni namsihi mume wangu: mwache apite, mwache ashinde, mpe nchi nzima. Yasiin akarusha. Akapiga.

"Imekufa, afande. Jina yake?"

"Jina ya nini? Hii ni kifuniko ya soda."

"Hapa mtu hatoki bila jina. Utasema jina na kwao. Kama hapana, inabaki kwa daraja, na wengine hawapiti."

Askari mmoja akaishusha bunduki begani. Nilimlaani Yasiin kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Hata leo, mwanamume wewe? Hata leo?

Afande alikichukua kifuniko, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Ogwang," alisema mwishowe. "Kwao Lira. Mtoto ya mama yangu." Akaligusa daraja kwa kifuniko. "Sisi tulipita. Yeye tuliacha kwa barabara."

Alikiweka kwenye kopo kwa mkono wake mwenyewe, akainuka. "Wewe rudi kwa nyumba," akamwambia Katembo. "Hapa hakuna adui." Kisha akamgeukia Makokha. "Na wewe, usitaje tena mtu iko hai." Tukausikia ule mguu ukishuka ngazi moja baada ya nyingine, mpaka chini.

Makokha alikwenda kumwomba Katembo radhi. Tulimsikia kupitia ukutani, safari hii bila utani. Mimi nilikuwa na maneno makali yamenijaa mdomoni, nikamfuata Yasiin nimfokee. Badala yake nilimshika mkono, na ulikuwa wa baridi.

Akanyoosha mkono wa pili nyuma kabisa ya mto, kwa wale wake waliokwisha kuvuka salama, akachukua kifuniko kimoja chekundu.

"Huyo hajapigwa," Obura akasema.

"Najua," Yasiin akajibu. Akakiweka kwenye kopo, juu ya kile cha afande. "Kamis. Kwao Bombo. Baba yangu."