Kipande cha Jani la Mgomba

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kule Laare, kope la baba yangu mdogo, Mutuma, lilianza kucheza. La chini, jicho la kushoto. Alikuwa akilinda mashamba ya miraa usiku kucha, akiitafuna asisinzie, lakini hayo nani aliyafikiria? Nyanya alijua lake: kope la chini likicheza, utalia.

"Mutuma, leo kaa nyumbani," alimwambia. Akararua kipande cha jani la mgomba, yale ya kufungia miraa, akakilowesha mate na kumbandika chini ya jicho ili machozi yakose njia. Mutuma alicheka na kutoka, ila hakukibandua. Mama ni mama.

Asubuhi hiyo hiyo jirani yetu Kobia alikuta miraa yake imechumwa yote. Nilikuwa sokoni na chumvi yangu mkononi alipomshika Mutuma shati.

"Si ni wewe ulikuwa unalinda? Mbona jicho linacheza? Na hii umebandika ni nini?"

"Ni mama tu, Kobia."

"Hiyo ni dawa ya wezi!" mtu akapiga kelele. "Ndio tusimwone!"

Rungu la kwanza lilimwangusha. Yaliyofuata ni mateke na mawe, na watu niliowajua kwa majina wakisukumana wapate nafasi ya kupiga. Nilisikia mfupa ukivunjika. Mpaka leo sipendi kuvunja kuni. Kijana mmoja alikuwa tayari anaitisha petroli kwa watu wa bodaboda Nyanya alipofika, akajitupa juu ya mwanawe na kupokea fimbo mgongoni.

"Nimebandika mimi! Kama ni uchawi, nichomeni mimi!"

Ndiye mkunga aliyewazalisha wengi wa mama zao. Wakaacha, mmoja mmoja, bila hata pole.

Siku hizi kope langu nalo hucheza kazi ikinizidi. Daktari aliniambia ni uchovu, chai nyingi, kukosa usingizi. "Lala tu, litatulia." Nilitoka pale nikiwa na hasira. Kumbe jicho la Mutuma lilikuwa likiomba usingizi!

Mutuma alipona, lakini jicho lile alilipoteza. Nyanya alizeeka akimwambia kila mgeni, "Si nilisema atalia?" Mutuma hakuwahi kulitaja lile jani. Alikuwa akimgeuzia jicho lililobaki na kumjibu, "Ulisema, mama."