Kutajwa Wimboni

Nilitoka Kitui kutetea jina langu, wala sioni haya kusema. Zamani niliishonea bendi moja mashati, na mwimbaji wao akanitaja katikati ya wimbo, gitaa likilia, kama wanavyofanya waimbaji wa Ukambani kwa rafiki zao: "Mutua, fundi wa Kitui!" Mwimbaji namwita Musembi, majina nimeyageuza, na sababu mtaiona. Tangu siku ile nikawa mtu. Kwenye harusi nilikalishwa mbele, nami nikavimba kichwa. Juzi redioni nikasikia Musembi ataurekodi wimbo ule upya na kuondoa majina ya zamani. Niliumia sana, na vijana wa sokoni walipoanza kunitania nikawaambia nitamwendea mwenyewe.

Alfajiri nilipiga pikipiki teke. Mke wangu Mbithe akaja mlangoni.

"Umri huu unafuata mwanamuziki?"

"Simfuati yeye. Nafuata jina langu."

"Basi ukilipata ulifunge vizuri, lisianguke njiani," akasema akicheka. Nikashika barabara ya Mutomo.

Saa tano nilifika Makindu. Hekalu la Makalasinga hulisha kila msafiri bila kumuuliza yeye ni nani. Nilikula dengu na chapati, nikanuna kidogo kwamba hakuna aliyeniuliza.

Kiboko, adhuhuri. Nilimkuta Musembi nyumbani kwake akimwagilia mipapai.

"Fundi! Karibu, karibu," akasema. Sauti ilikwaruza, nikadhani ni mafua.

Mkewe alituletea chai. Nilipoeleza shida yangu, Musembi alimgeukia mkewe. Mkewe ndiye aliyejibu.

"Hakuna kurekodi, fundi. Koo iliharibika, daktari alisema basi. Hiyo story ya redio ni sisi tulitoa, ndio watu waendelee kungoja. Wakijua sauti imeisha, watamsahau."

Mtu mwenye utu angetoa pole akaondoka. Mimi nilitoa simu nimrekodi.

"Niimbie tu hapo kwa jina langu, mzee."

Mkewe alikunja uso. Musembi akaimba.

Nilirudi kwa njia ya Machakos. Alasiri, Sultan Hamud, nilisimama kuweka mafuta, nikavaa visikilizio masikioni niisikilize rekodi. Alianza chini, akakohoa, akashindwa kupanda mara mbili. Kisha akakusanya pumzi yote iliyobaki akaniita, wazi kabisa. Nililia pale pale, watu wakinitazama. Kwa rekodi ile ningeinyamazisha Kitui nzima, na Kitui nzima ingesikia jinsi Musembi alivyoisha. Nikaifuta.

Jioni nilimweleza Mbithe yote. Hakunicheka. Nilikuwa nimejifunza kwamba miaka yote ile nilipenda kutajwa, nikadhani nampenda aliyenitaja. Sikuwahi hata kumuuliza hali.

Asubuhi vijana wa sokoni walinizunguka.

"Fundi, ulimpata? Bado anaimba?"

"Nilimpata. Sauti ni ile ile."

"Na jina lako?"

"Ameliondoa," nikasema. "Alisema hanikumbuki."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Niliwaacha wacheke.