Wageni Wasioitikia Salamu

Mume wangu ni askari wa hoteli moja kule Al Garhoud, na kazi ya kusimama mlangoni imemfundisha kuokota kila kitu ambacho wenye akili wanakitoa nje. Mgahawa wa Kichina wa hoteli yao ulipofungwa, alituletea nyumbani, Bur Dubai, masanamu mawili ya udongo wa kuchoma, yenye rangi ya kijani, manjano na hudhurungi zilizochuruzika kama samli. Moja lilikuwa na uso wa mtu mwenye masikio ya punda, la pili uso wa simba. Yote mawili yalikuwa na kwato, mabawa na pembe, yamekaa kitako, kimo cha mwanamke aliyeketi.

Alinieleza kwa fahari kwamba hizi ni nakala tu. Yale yenyewe, Wachina wa kale waliyazika pamoja na maiti, jozi kwa jozi, yakae mlangoni mwa kaburi kufukuza mashetani na wezi. Akayaita wenzake wa kazi. Nikamwambia heri wenzake hao, maana hawali wali wangu.

Ningecheka zaidi lau si mimba. Ilikuwa ya kwanza, imefika mwezi wa nane, na mama yangu alikuwa njiani kutoka Mombasa kuja kunilea arobaini: kunikanda, kunifunga mkaja, kumwosha mtoto ambaye mimi hata kumshika nilikuwa sijui. Kwa mama, nyumba yenye masanamu malaika hawaingii, na pasipoingia malaika yeye hana shughuli napo.

Mume wangu aligoma kuyatoa. Basi tukasikilizana tuyafunike. Nikayafunga leso, nikayatanda na vichwani hadi usoni, nikayaacha palepale mlangoni. Nilijiona mjanja kweli.

Mama aliingia akitoka kwenye jua kali, macho hayajazoea giza la ukumbini. Akaona wanawake wawili wameketi kwa adabu, akawatolea salamu. Kimya. Akarudia, safari hii kwa sauti. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, hawa wageni wako wana nini, hata salamu ya Mungu hawaitikii?"

Mume wangu, ambaye hajawahi kumdanganya mkwewe, akafunua leso na kueleza yote, mpaka habari za makaburi. Bwana huyu hajui pa kukomea. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akaketi juu ya begi lake.

"Mjukuu wangu hapokewi na walinzi wa maiti," alisema. "Nipelekeni kwa binamu yangu, Al Twar."

Nililia. Niliogopa kuzaa na kubaki peke yangu na mtoto mchanga, mume yuko kazini usiku kucha. Mume wangu alinitazama, akayatazama masanamu yake, halafu akalibeba la simba na kuiita lifti, akarudi kuchukua la pili. Mpaka leo yako kwenye mlango wa nyuma wa hoteli, na wafanyakazi wenzake wanamwuliza ni yupi kati yao watatu anayelala kazini.

Mama akabaki. Mtoto akaja, wa kike, mwenye sauti. Chumba tukakichukua sisi watatu, na mume wangu akatandika godoro ukumbini, mlangoni, pale walipokuwa wenzake.

Asubuhi moja alikuwa ametoka zamu, amelala chali na viatu vyake, mdomo wazi. Mama alipita kwenda jikoni kunipikia uji wa pilipili manga, na kwa mazoea akatoa salamu.

"Alaykum salaam, mama," akaitikia usingizini, kisha akaendelea kukoroma.

Mama akageuka, akarudi. Akachukua ile leso iliyokuwa ya simba, akamfunika nayo mpaka mabegani.

"Huyu anaitikia," akaniambia. "Huyu mwache mlangoni."